Kamba ya Msikitini: Juu ya Uchovu wa Matabibu na Wauguzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa wakati wa kutulia na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Amma baad.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik, ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza kamba ile ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab: akisali usiku mpaka akalegea, huishika akajiegemeza nayo. Mtume akaamrisha ifunguliwe, akafundisha ya kwamba mtu na asali maadamu ana uchangamfu, na akichoka na akae.

Wanavyuoni wameiweka hadithi hii katika mlango wa sala za usiku, na watu wengi huiacha papo hapo, wakadhani kuwa ni habari ya kamba na nguzo basi. Lakini mwenye kuizingatia ataona ya kuwa Bibi Zaynab hakulaumiwa kwa uvivu, wala kamba haikusifiwa kwa kumsaidia. Aliyekuwa akisali ni mtu mwema, na jambo alilolifanya ni jema kuliko mengi. Pamoja na hayo kamba ikafunguliwa. Basi ikiwa mbele ya Mwenyezi Mungu, Asiyehitaji sala ya mtu yeyote, haikupendeza mja asimame kwa kushikilia kamba, itakuwaje mbele ya mgonjwa, ambaye uhai wake umo katika mikono ya huyo aliyechoka?

Na kamba za namna hii leo ni nyingi katika hospitali, ila hazionekani kwa macho. Iko kamba ya chai ya rangi ya saa nane za usiku, na kamba ya maji ya baridi usoni. Iko kamba ya aibu, yaani mtu kuogopa kuambiwa kuwa hawezi kazi. Na iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kujua kwamba akikaa yeye, hapana mwengine wa kusimama.

Mtu akikaa Forodhani baada ya sala ya Isha, pale penye bustani iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa kutimia miaka 25 ya enzi ya Sayyid Khalifa bin Harub, atasikia mazungumzo ya kila namna: bei ya karafuu, siasa, mpira, harusi ya fulani. Na baina ya mshikaki na gilasi ya maji ya miwa hayakosi kupita mazungumzo ya hospitali. Mmoja atasema alimpeleka mama yake, nesi akamjibu kwa ukali. Mwengine atasema daktari hakumtazama mwanawe usoni, aliandika tu. Wa tatu atasema watu hawa wamekuwa na roho ngumu, hawana huruma kama wale wa zamani. Na wote wataafikiana, kisha kila mmoja atanyanyuka akaenda zake.

Maneno hayo huenda yakawa ni kweli. Ukali upo, na aliyeudhiwa ana haki ya kushitaki kwa wakubwa wa kazi, tena ni wajibu ashitaki ikiwa mgonjwa wake amedhulumiwa. Lakini ile hukumu ya “roho ngumu” imetolewa barazani bila ya kusikilizwa upande wa pili, na Sharia haikumpa ruhusa hiyo hata kadhi, seuze mla mshikaki.

Upande wa pili ni huu. Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi wa New York, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika habari ya watumishi wa zahanati za bure zilizokuwa zikitibu masikini na walevi wa madawa. Aliona ya kuwa waliokuwa na bidii na huruma kuliko wenzao ndio waliokuwa wakianguka kwanza. Walianza kazi kwa moto, na baada ya muda moto ule ukawala wenyewe. Akalipa jambo hilo jina la kuungua mpaka kwisha. Na mtu wa pwani aliyekulia katika nyumba ya taa ya mafuta hahitaji kufasiriwa maana yake: mafuta yakimalizika, utambi hauzimiki mara moja, hujila wenyewe, ukatoa moshi na harufu mbaya, na nuru haipo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu nalo liliuandika uchovu huu katika daftari lake la maradhi, wala halikusema kuwa ni ugonjwa. Lilisema ni jambo litokalo na kazi, pale taabu za kazi zinapozidi kwa muda mrefu na zisitengenezwe. Likautambulisha kwa dalili tatu. Ya kwanza ni nguvu kwisha, usingizi wa usiku mmoja usiweze kuzirejesha. Ya tatu ni mtu kuona kuwa kazi yake haina faida tena, akitibu asitibu ni mamoja. Na ya pili, ambayo ndiyo inayozungumzwa Forodhani pasi na kujulikana, ni moyo kujitenga na kazi na watu wake: mgonjwa hana jina tena, ni kitanda cha saba, kilio hakisikiki tena kuwa ni kilio, ni kelele.

Mkono wa mpiga makasia hufanya sugu, na lau haukufanya sugu usingeweza kufika Prisoni na kurudi. Hali kadhalika moyo wa mtu anayeona mauti kila wiki. Mwanzo analia pamoja na wafiwa, baadaye analia peke yake, kisha halii. Hilo la tatu si uovu aliouchagua, ni ngozi iliyoota ili asipasuke. Lakini sugu ya mkono haimdhuru mtu, na sugu ya moyo humdhuru aliye kitandani. Basi haifai kuiita tabia njema, na wala si haki kuiita kufuru.

Wako wanaosema kwamba Muislamu mwenye imani hachoki. Akichoka basi dhikri zake ni chache. Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, na ndani yake mna ujinga wa Kurani. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na Mwenyezi Mungu akamtaja kwa sifa ya subira katika Sura hiyo hiyo ya Yusuf. Bibi Maryam, aliyetakaswa juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu wa uzazi ulipomshika penye shina la mtende alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Hakujibiwa kwa lawama: alijibiwa kwa maji chini yake na tende mbivu juu yake, akaamrishwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Itazamwe tartibu hiyo. Chakula na maji na utulivu vilitangulia. Kukutana na watu na maneno yao kulikuja baadaye.

Na Nabii Musa, alipopewa kazi iliyo nzito, hakusema kuwa ataiweza peke yake. Alimuomba Mola wake ampe msaidizi katika jamaa zake, nduguye Harun, ili amtie nguvu na ashirikiane naye. Akapewa. Basi daktari kijana anayesema “zamu hii siiwezi peke yangu” hakutoka katika mwendo wa Mitume. Aliyetoka ni yule anayemcheka.

Hapa patasemwa: uchovu ni wa daktari mwenyewe, mgonjwa anaingiaje? Anaingia kwa mlango mkubwa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwakesha watu macho, wakawapima kazi za mkono na akili, kisha siku nyengine wakawapima baada ya kunywa ulevi. Wakaona mtu aliyekaa macho saa 17 kazi yake imeharibika sawa na ya mtu mwenye kiasi cha pombe ambacho nchi nyingi hazimruhusu kuendesha gari nacho. Na aliyefikisha saa 24 ni zaidi ya hapo. Muislamu anayeogopa tone la pombe katika dawa ya kikohozi, na ni vizuri aogope, haulizi kama aliyeshika kisu cha kumpasua mkewe amelala lini.

Na mwaka 2004, katika hospitali moja ya Boston, Marekani, walilinganishwa madaktari wanafunzi waliofanya zamu ndefu za saa zaidi ya 24 kwa desturi ya zamani na wenzao waliopunguziwa saa. Wale wa zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya matibabu zaidi kwa sehemu 36 katika mia. Watu ni wale wale, elimu ni ile ile. Lililobadilika ni usingizi tu.

Mambo haya hayakuwa mageni kwa Sharia. Bibi Aisha (R.A.) amepokea ya kwamba Mtume alimuamrisha mwenye kusinzia katika sala alale mpaka usingizi umtoke, kwani huenda akakusudia kujiombea maghufira akajilaani nafsi yake. Ikiwa ulimi wa mwenye kusinzia hauaminiki mbele ya Mola wake, mkono wake utaaminiwaje na sindano? Tena imepokewa kwa Abu Bakra ya kwamba kadhi asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa katika misikiti ya Unguja na Pemba kizazi baada ya kizazi, hakuiacha hukumu katika ghadhabu peke yake. Aliingiza njaa, na shibe iliyopita kiasi, na kila hali inayoiharibu tabia ya mtu. Na mashekhe waliofasiri wakataja usingizi mwingi. Kadhi akikosea leo, kesho hukumu yaweza kutazamwa upya. Kosa la aliyepima dawa ya mtoto huenda lisiwe na rufaa ulimwenguni.

Visiwa hivi vimeyaona mazito. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliingia mjini kikaua watu maelfu, na tabibu Mskoti, James Christie, aliyekuwapo akakiona kwa macho yake, akatunga kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1876. Na katika siku za karibu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilizama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na wengi walipotea. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Siku zile watu wote walizitazama maiti na kuzililia, na ilikuwa haki yao. Lakini wako waliokuwa hawana nafasi ya kulia, kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi: kuwapokea walio hai, kuwafunika waliokufa, kuwajibu jamaa wanaouliza jina moja mara kumi. Miongoni mwao walikuwapo wenye jamaa zao wenyewe katika meli. Baada ya arubaini mji ulirejea katika shughuli zake. Na hao nao walirejea katika zamu.

Kisha ikaja korona, iliyotangazwa kuingia Zanzibar mwezi wa Machi 2020. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria ya kuwa baina ya Januari 2020 na Mei 2021 walikufa ulimwenguni watumishi wa afya kama 115,000 kwa maradhi hayo. Katika baraza watu walibishana kama maradhi yapo au hayapo. Muuguzi hakuwa na anasa ya ubishi huo. Alikuwa akivua nguo zake nje ya mlango ili asiwaue wanawe.

Basi ni juu ya nani? Jambo la kwanza ni juu ya mwenye kuajiri, awe ni serikali au ni mtu binafsi mwenye hospitali yake. Abu Dharr (R.A.) amepokea ya kwamba Mtume aliwaita watumwa kuwa ni ndugu, akakataza kuwabebesha kazi inayowashinda, na mwenye kuwabebesha aliamrishwa awasaidie. Ikiwa hivi ndivyo kwa mtumwa ambaye hana mshahara wala mkataba, mtu huru aliyesomea kazi yake miaka anastahiki zaidi. Na kumsaidia si kumpa cheti cha pongezi siku ya sikukuu ya wauguzi. Kumsaidia ni kumletea mtu wa pili. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria ya kwamba nchi inahitaji kama madaktari, wauguzi na wakunga 44 au 45 kwa kila watu 10,000 ili iweze kutimiza wajibu wake wa afya, na nchi nyingi za Afrika ziko mbali na hesabu hiyo. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuitolea afya sehemu 15 katika mia ya bajeti zao. Ahadi ni deni, na deni hili wengi wao hawakulilipa.

Zanzibar haikukaa bure. Tangu mwaka 1964 China imekuwa ikileta matabibu Unguja na Pemba, zamu baada ya zamu. Vyuo vya wauguzi na madaktari vimesimamishwa nchini. Hospitali mpya zimejengwa, kama ile ya Lumumba iliyofunguliwa mwaka 2023. Haya yanastahiki shukrani. Lakini jengo halikeshi na mgonjwa. Na hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo mtu aliyekaa Forodhani huifikia kwa miguu kwa mwendo mdogo, hupokea wagonjwa wazito wa mjini na shamba, na wa Pemba juu yao.

Jambo la pili ni juu ya jamaa wa mgonjwa, na hapa wasomaji wa waraka huu wanahusika wenyewe. Desturi ya pwani ni kwamba mgonjwa haachwi peke yake, nayo ni desturi tukufu. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Lakini Mtume amefundisha pia kuzuru kwa adabu. Wanapoingia watu kumi na wanane katika wodi, kila mmoja na pakacha lake, na kila mmoja akamuuliza nesi swali lile lile, kisha anapokuja mjomba aliyechelewa akataka aelezwe tangu mwanzo, saa nzima ya mgonjwa imekwenda katika adabu za wageni. Ukoo wenye busara huchagua mtu mmoja akawa ndiye mwenye kuuliza, na wengine wakauliza kwake. Na yule anayepandisha sauti mlangoni ili watu wajue kuwa mama yake ana watoto wa kiume, hamlindi mama yake kwa sauti hiyo. Mikono itakayomhudumia usiku kucha ameiacha ikitetemeka.

Mtume mwenyewe ameonyesha njia. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandak, mwaka wa 5 wa Hijra, aliwekwa katika hema ya mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Na Mtume alikuwa akipita asubuhi na jioni akimuuliza Saad hali yake. Aliyepita ni kiongozi wa umma, tena katika siku za vita. Alipita, akauliza, akaenda zake. Rufaida akabaki na kazi yake. Na haikupokewa kuwa yupo sahaba aliyesimama mlangoni mwa hema ile akamkemea yule bibi.

Jambo la tatu ni zito kwa baadhi ya mabwana, kwa kuwa liko ndani ya nyumba zao. Wauguzi na wakunga wengi wa visiwa hivi ni wanawake, na wanawake hao wana waume. Mke ametoka zamu ya usiku. Amepokea watoto wawili waliozaliwa hai na mmoja aliyezaliwa maiti. Amepanda daladala ya alfajiri mpaka Fuoni au Bububu. Anafika mlangoni, bwana anamuuliza chai iko wapi. Mshahara wake unalipia ada ya chuoni na umeme, na hapana anayeona tabu kuupokea. Lakini uchovu unaokuja pamoja na mshahara huo ndio unaoitwa kiburi, ukavu, “siku hizi umebadilika”. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, mpaka ikifika sala akatoka. Mwanamume anayetaka kufuata sunna katika ndevu na kanzu, na hii nayo ni sunna. Birika haina uzito wa kumshinda.

Na jambo la nne ni juu ya mwenye kuuguza mwenyewe. Abu Bakr Ar-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad, ameeleza juu ya nafsi yake ya kuwa alikaa miaka 15 akiandika kitabu chake kikubwa usiku na mchana, mpaka macho yake yakadhoofika na mishipa ya mkono wake ikaharibika. Ulimwengu ulipata kitabu. Lakini Ishaq bin Ali Ar-Ruhawi, aliyetunga kitabu cha adabu za tabibu katika karne ya tatu ya Hijra, hakuanza na mgonjwa alipotaka kueleza mambo ya mwili: katika milango yake ya mwanzo aliweka mlango wa tabibu kuutunza mwili wake yeye, kwani asiyejua kujilinda atawalindaje watu? Na Salman alipomzuru nduguye Abu Dardai akamkuta amejimaliza kwa saumu na kukesha, mpaka mkewe amekata tamaa ya kujipamba, hakumpongeza. Alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, na usiku wa mwisho ndipo akamuamsha wakasali pamoja. Akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Jambo likapelekwa kwa Mtume, akamsadiki Salman.

Faida iliyomo humo ni kwamba Abu Dardai hakujiona. Aliyemuona ni rafiki aliyekuja kula kwake. Mtu aliyefikwa na uchovu huu mara nyingi ni wa mwisho kuujua, basi wenzake wa zamu ndio wamuangalie: aliyekuwa msemaji akanyamaza, aliyekuwa mpole akawa anatupa vyombo, aliyekuwa hakosi sala ya jamaa akawa haonekani. Na ikiwa moyo umeingia giza, akawa halali hata akipata nafasi, au akatamani kutokuwapo, na aende kwa tabibu wa nafsi bila ya kuona haya. Watu wa mjini wamelifanya jina la Kidongo Chekundu kuwa ni tusi la barabarani. Mahali pale ni hospitali. Anayemcheka anayekwenda huko kutibiwa amemcheka mtu aliyetafuta dawa, na Mtume ameamrisha kutafuta dawa.

Wenye mali nao wana mlango wao. Anayetembea kutoka Forodhani kwa njia ya Mizingani hupita penye jumba la roshani za mbao zilizonakishiwa, ambalo Tharia Topan, mfanya biashara mkubwa wa siku zake, alikusudia liwe hospitali. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Mwenyewe alikufa mwaka 1891, na nyumba haikumalizika ila mwaka 1894. Baadaye ilinunuliwa kwa mali ya sadaka, na ghorofa ya chini ikawa mahali pa kutolea dawa kwa miaka mingi. Wageni huipiga picha kwa uzuri wake. Wachache hufikiri kuwa ni mtu mmoja wa biashara aliyetaka kutoa katika faida yake akawajengea wagonjwa.

Huko Misri Sultan Qalawun alisimamisha hospitali yake ya Cairo mwaka 1284, na mali ya wakfu wake ikatengwa kwa ajili ya dawa na vyakula, na pia kwa ajili ya matabibu na wahudumu, wanaume kwa wagonjwa wanaume na wanawake kwa wagonjwa wanawake. Waislamu wa zamani walijua ya kuwa anayeuguza naye hula. Leo Muislamu akitaka kutoa sadaka ya kuendelea hufikiri kisima na msikiti, na baada ya hapo huwaza msikiti wa pili mtaa huo huo. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na maduka ya wakfu yapo. Lau wenye maduka watano wa Darajani na Forodhani wangaliweka wakfu wa gari moja la kuwarejesha majumbani wauguzi wa zamu ya usiku, na chumba kimoja chenye vitanda vinne na mlango unaofungika, na uji wa moto saa kumi za usiku, wangalikuwa na sehemu katika kila mtoto aliyepokewa salama alfajiri.

Limebaki suala ambalo madaktari na wakunga huliuliza misikitini, na wengi hurejeshwa na jawabu la mkato. Tabibu ameingia katika chumba cha kupasulia kabla ya Adhuhuri, na kazi haitakwisha ila Alasiri imepita au inakaribia kutoka. Mkunga ana mwanamke wa uzazi tangu kabla ya Magharibi, na damu haisimami. Je, yafaa kuchanganya sala mbili, naye ni mkaazi, si msafiri?

Kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafi ni kuwa kuchanganya ni kwa safari na kwa mvua, kwa masharti yake. Lakini Imam Muslim amepokea kwa Ibn Abbas (R.A.) ya kwamba Mtume alichanganya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, hapo Madina, pasi na khofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu akasema kuwa alitaka asiutie umma wake katika dhiki. Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu hayo, alipoifasiri hadithi hii alitaja jamaa ya maimamu waliojuzisha kuchanganya kwa haja kwa mtu asiyeifanya kuwa ni mazoea, na miongoni mwao ni Ibn Sirin, na katika Mashafi ni Al-Qaffal mkubwa. Na Ibn Al-Mundhir aliichagua kauli hiyo. Basi aliyefikwa na haja ya namna hiyo na achanganye, na moyo wake utulie. Wala asiifanye kuwa ni desturi ya kila siku ambayo kazi ni nyepesi na nafasi ipo.

Na lililo zito zaidi ya hilo, pale ambapo hapana nafasi hata ya kuchanganya, Izzuddin bin Abdissalam, Mshafi aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, amelitaja katika kitabu chake cha kawaida za hukumu. Ametoa mfano wa mtu anayezama majini. Anayeweza kumuokoa atangulize kumuokoa, na sala ataisali baadaye, kwa sababu haki mbili hizo zaweza kukutanishwa: aliyezama hangoji, na sala hulipwa. Na akiwa amefunga Ramadhani, naye hawezi kumtoa ila kwa kula apate nguvu, atakula, amtoe, kisha ailipe siku yake. Wallahu aalam.